Landrova ya Baba Mkwe na Mguu Wangu wa Plasta

Mguu wangu wa kushoto ulivunjika Sirari, mpakani, mchana kweupe, mbele ya foleni nzima ya madereva wa malori. Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni makaratasi, na mtu wa makaratasi hana sababu ya kupanda juu ya lori. Lakini siku ile afisa mmoja alidai turubai la lori la vitunguu halikufungwa vizuri, dereva akaapa kwamba limefungwa, nami nikaona njia fupi ni kupanda nikajionee mwenyewe. Lilikuwa limefungwa vizuri kabisa. Wakati wa kushuka nikakanyaga kitunguu kimoja kilichoponyoka, na safari iliyobaki nikaimalizia kwa makalio.

"Madam," dereva, Mkenya, aliniambia akiwa ameniinamia, "si ungeniita nikushike? Ona sasa. Pole sana. Lakini hata wewe, hivi ni viatu gani?"

Hospitalini wakaniambia kifundo kimevunjika. Wakanifunga hogo la plasta kutoka vidoleni hadi chini ya goti, wakanipa magongo mawili na amri moja: wiki sita mguu usikanyage chini. Mume wangu ni dereva wa masafa marefu, na siku hiyo alikuwa Zambia na mzigo. "Nenda nyumbani kwa mama," akaniambia kwa simu. "Ukae, ule, upumzike." Binti yetu akabaki Sirari kwa dada yangu kwa sababu ya shule, nami nikapakiwa kwenye gari la kukodi, mguu umelazwa kiti cha nyuma kama abiria wa pili.

Nyumbani kwa mama ni kijijini, upande wa Machochwe, mahali ambapo shamba la mwisho linapakana na hifadhi na tembo wanajua msimu wa mahindi kuliko bwana shamba. Ni pazuri. Tatizo ni kwamba nyumbani kwa mama ni nyumbani kwa baba pia.

Sisi Wakurya, mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja wakiwa wawili, na wakikutana mlangoni mmoja wao hurudi nyuma kama aliyesahau kitu. Si ugomvi, ni heshima. Kwa miaka tisa ya ndoa nilikuwa nikimwamkia shikamoo macho yangu yakiwa kwenye vidole vyake vya miguu, naye akiitikia marahaba macho yake yakiwa kwenye paa. Vidole vile ungenipangia kwenye gwaride la polisi ningevitambua mara moja. Sura yake sikuwa na uhakika nayo.

Kwa ziara ya Krismasi ya siku tatu, heshima hiyo haina taabu. Mwenye miguu miwili anajua kupisha. Mwenye magongo hapishi, anapishwa. Asubuhi ya kwanza tulikutana kwenye njia nyembamba ya kwenda chooni, na mzee wa miaka sabini na kitu akaruka matuta mawili ya viazi ili nipite. Jioni mama mkwe alimkanda goti kwa maji ya moto.

"Hamtanimalizia maji kwa kukanda," akasema mama mkwe, akatugawia uwanja. Mimi nikapewa baraza ya jikoni, kiti cha mbao, na ndoo iliyopinduliwa ya kuwekea mguu. Baba mkwe akapewa upande wa zizi, na kiti chake akakigeuza mgongo unitazame. Katikati yetu ilisimama landrova.

Baba mkwe alikuwa dereva wa serikali. Alipostaafu aliinunua landrova hiyo, yenye usukani wa kushoto, mnadani, akaiendesha miaka kadhaa, hadi ilipozima njiani ikitoka gulioni. Ikavutwa na ng'ombe mpaka uani, na haikutoka tena. Mama mkwe hakuwa mtu wa kuacha kitu kikae bure. Miaka ilivyosonga akaifanya banda la kuku. Mtama ulianikwa kwenye boneti, vifaranga walilelewa nyuma chini ya turubai, na kwenye kiti cha dereva kulikuwa na tetea mwenye hasira, ameatamia. Kicheche hakuweza kuingia humo. Kwa mama mkwe, lilikuwa banda bora kuliko yote kijijini, na usukani wake haukumsumbua mtu.

Lakini kila asubuhi nilimwona baba mkwe akisogeza mtama, akifungua boneti, akisimama pale kitambo, kisha akiifunga na kuurudisha mtama.

"Anatafuta nini?" nikamwuliza mama mkwe.

"Anataka iwake. Anataka tangu zamani, lakini macho yamemkatalia. Mbali anaona, karibu haoni. Tembo akiwa kule mlimani atakwambia pembe moja imekatika. Bisibisi iliyo mkononi mwake anaitafuta kwa kupapasa."

"Hana miwani?"

"Alipewa. Akaikalia."

Sasa, nilikuwa sijawahi kusema katika nyumba ile kwamba marehemu baba yangu alikuwa fundi magari pale Tarime mjini, na kwamba utoto wangu niliumaliza chini ya boneti nikimshikia tochi. Mkamwana hajitangazi kwamba anajua kufungua injini. Nikanyamaza, nikachambua mchicha, nikakuna mguu.

Siku ya tisa baba mkwe aling'oa betri ya sola iliyokuwa ikiendesha taa na redio, akaifunga kwenye landrova. Mama mkwe alikuwa akisikiliza kwaya. Kwaya ikakatika katikati ya pambio, naye akatoka jikoni na mwiko mkononi. Baba mkwe alikuwa amekwisha kurudisha nyaya za plagi kwa kupapasa. Akapitisha mkono dirishani, juu ya tetea, akapiga stata.

Ulitoka mlio kama wa bunduki. Kuku wakaruka hadi juu ya paa la jikoni. Akapiga tena, ukatoka wa pili, mkubwa zaidi, na moshi. Majirani wakatoka mbio na madebe na sufuria wakiyagonga, wakidhani tembo wameingia mahindini na askari wa wanyamapori wanapiga risasi za kuwatisha.

Mimi nilikuwa nimeisikia ile injini. Baba yangu alinifundisha kwamba injini inayolipuka hivyo haijafa, imepangwa vibaya tu, plagi moja inapewa moto wa mwenzake. Baba mkwe akanyoosha mkono kwa mara ya tatu. Nikajisahau.

"Moja, tatu, nne, mbili!" nikapiga kelele.

Majirani wakaacha kugonga madebe. Baada ya miaka tisa ya shikamoo, hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa baba mkwe, na nilikuwa nimeyatamka kama mpiga debe wa stendi. Nikatamani lile hogo lingekuwa la kichwani nifiche uso.

Baba mkwe akatazama paa la jikoni, walikokuwa kuku.

"Mama," akamwambia mkewe, "kuna mtu ametaja namba?"

"Mkamwana wako."

"Mwambie arudie. Polepole."

Mama mkwe akanigeukia, ingawa nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwa mzee. "Anasema urudie polepole."

"Moja, tatu, nne, mbili," nikasema nikiwa nimeinamia mchicha. "Ndiyo mpango wa nyaya za plagi."

"Anasema moja, tatu, nne, mbili."

"Nimesikia," akasema baba mkwe. "Mwambie nimesikia."

Alizipanga upya. Haikuwaka, lakini haikulipuka tena. Ilikohoa, ikatikisika, ikanyamaza kama mtu aliyetaka kusema jambo akaahirisha. Kesho yake asubuhi niliona kiti cha baba mkwe kimesogezwa. Mgongo bado ulinielekea, ila safari hii upande kidogo, sikio moja likiwa upande wangu.

Hivyo tukaanza kazi, na mama mkwe akawa ndiye bomba la mazungumzo. Kila kitu cha kutazamwa kwa karibu kililetwa kwangu: distributa ile ya kugawa moto, plagi, kabureta, vyote vikibebwa kwenye sinia la ugali na kuwekwa mapajani mwangu. Kila kitu cha kutumia nguvu kilikuwa chake. Shida ilikuwa kwenye bomba. Mama mkwe hakujua chochote kuhusu magari na hakutaka kujua, na maneno yalipita kwake yakatoka na sura nyingine.

"Mwambie pointi za distributa zimechoka," nikasema siku moja, "zinahitaji kupigwa msasa."

Mama mkwe akamwendea mumewe. "Anasema umechoka."

Baba mkwe akaweka spana chini, akafikiri, akaenda kulala. Alirudi baada ya saa mbili amechangamka, akaagiza nishukuriwe kwa kumjali.

Mama mkwe alikuwa na masharti yake pia. La kwanza, tetea hasogezwi mpaka aangue, kwa hiyo hakuna mtu kugusa ndani ya gari. La pili lilikuwa la mguu wangu. Nesi alikuwa amesema vidole vitazamwe visije vikabadilika rangi, na mguu uwe juu. Mama mkwe alivibonyeza vidole vyangu kila alipopita, kama anayechagua parachichi. Vikivimba hata kidogo, kabureta ilinyang'anywa, sinia likarudi jikoni, nami nikalazwa chali mpaka vinywee. Mara mbili nilinyang'anywa kazi katikati ya skrubu.

Muwasho ndio uliokuwa adui mkubwa. Aliyewahi kufungwa hogo anajua: kuna mahali pamoja, kati ya kifundo na muundi, ambapo huwasha kwa makusudi. Nilijaribu ufito wa ufagio, ukakatika. Mwishowe nikagundua kwamba kijiti cha kupimia oili cha landrova ni chembamba, kirefu, na kina mpindo mzuri mwishoni. Nilikitumia kwa furaha siku tatu hadi mama mkwe aliponikuta nimefumba macho.

"Hicho si cha kwenye gari?"

"Nilikuwa nakipima, mama."

"Unapimia oili mguuni?"

Akakichukua, akakirudisha kwa mwenyewe. Sijui alimwambia nini, lakini baba mkwe alikifuta kwa muda mrefu.

Kisha ikapotea jeti. Ni kitu kidogo cha shaba, kama punje ya mchele iliyotobolewa, na bila hicho kabureta haipimi petroli. Nilikuwa nimeifungua, nimeiweka kwenye ukingo wa sinia, mguu umenyooka juu ya ndoo. Kuku mwekundu akapita akidonoa punje za mtama karibu yangu. Nikamfukuza kwa gongo. Nilipogeuka, jeti haipo.

Tulipekua baraza yote. Mama mkwe alifagia na kupepeta vumbi kwa ungo. Hatimaye bomba likaleta hukumu kutoka upande wa zizi: "Anasema ni yule mwekundu."

"Huyo anataga kila siku!" mama mkwe akamjibu mumewe bila kupitia kwa mtu. "Una ushahidi?"

Kuku akawekwa mahabusu kwenye tenga siku nzima, na kila alichotoa kikachunguzwa kwa kijiti. Hakukuwa na kitu. Siku ya pili baba mkwe akasisitiza kwamba shaba ni nzito, imekaa chini. Kuku akachinjwa. Nilipewa firigisi niipasue, kwa kuwa mimi ndiye mwenye macho. Ndani mlikuwa na changarawe, ushanga wa buluu, na kifungo cha shati ambacho baba mkwe alikitambua kuwa chake. Jeti haikuwamo. Tulimla hata hivyo. Firigisi ni haki ya mwenye nyumba. Akapelekewa, akaila polepole kama mtu anayetafakari.

Nikampigia simu muuza vipuri mmoja wa Tarime, rafiki wa marehemu baba yangu, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Tanga na ambaye Kiswahili chake kimebaki na pwani yake.

"Bibie!" akasema. "Jeti ya landrova ya petroli? Bado mnawafufua maiti huko?"

"Nahitaji na raba za silinda za breki, baba."

"Nakutumia kwa basi la Mugumu. Lakini nikuusie kama marehemu angekuusia: breki kwanza, injini baadaye. Gari lisilowaka halijapata kuua mtu."

Vipuri vilifika ndani ya bahasha ya dawa, imeandikwa kutwa mara tatu. Tulipuuza wosia, kwa sababu jeti ilikuwa ndogo na tamaa ilikuwa kubwa. Nikaiweka, kabureta ikarudi mahali pake, na asubuhi moja baba mkwe akapitisha tena mkono juu ya tetea, akapiga stata. Ilikohoa, ikatema kiota kizima cha panya kwenye bomba la moshi, kisha ikaunguruma na kuendelea kuunguruma. Uani ukajaa moshi wa buluu. Baba mkwe alisimama na mkono mmoja juu ya boneti, kama mtu anayemshika ng'ombe wake aliyepotea na kurudi. Mama mkwe, aliyepinga jambo lile tangu mwanzo, akapiga kigelegele, halafu akakasirika kwamba amekipiga.

Tetea akaangua wiki hiyohiyo, vifaranga tisa, akahamishiwa kwenye tenga, na ndani ya gari pakawa huru. Mama mkwe alikwangua kinyesi cha miaka kwa jembe. Kisha akafungasha nguo, akaenda Mugumu kwenye semina ya kwaya ya siku tatu. "Koo langu limekauka kwa maneno ya plagi," akasema. "Nakwenda kuimba." Binamu wa mume wangu akaachiwa mapishi, lakini yeye alikuwa akifika mchana tu na kuondoka.

Zilikuwa zimebaki breki. Raba zilikuwa zimeingia, na sasa ilibidi kutoa hewa kwenye mabomba, kazi ambayo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa kwenye usukani akikanyaga pedali, mwingine hulala chini ya gurudumu akifungua na kufunga nati, nao lazima waelewane kila sekunde: kanyaga, shikilia, achia. Breki hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Wangu wa kulia ulikuwa mzima.

Siku ya kwanza tulikaa, kila mmoja kwenye kiti chake, tukiitazama landrova. Siku ya pili baba mkwe aliinuka, akailaza mikeka ya magunia nyuma ya gari, akafungua mlango wa dereva ukabaki wazi, akaenda kusimama mbali, akageukia hifadhi. Nilielewa. Nikajikokota, nikapanda, hogo likabaki limening'inia nje ya mlango. Nikasikia akija, akilala, akipumua. Kisha akagonga chasi kwa spana: ko.

Nikakanyaga.

Ko, ko.

Nikaachia.

Tulikwenda hivyo, moja kanyaga, mbili achia, na kila kitu kilikuwa na adabu zake, mpaka jirani alipopita. Ni mzee wa rika la baba mkwe, mwenye fimbo na koti la mvua hata kiangazi. Alichokiona ni miguu ya mwenzake ikichungulia chini ya gari na mguu mweupe wa mkamwana ukining'inia juu yake.

"Shikamoo, tata," nikasema kutoka dirishani, nikimwita baba kwa Kikurya na kuangalia usukani.

"Marahaba," akasema akiangalia mawingu. Kisha akaiambia miguu: "Mwenzangu. Uko ndani ya nyumba moja na mkamwana?"

"Niko chini," ikajibu miguu. "Na hii si nyumba. Ni gari."

"Ina mlango."

"Hata zizi lina mlango."

"Ina paa, ina viti. Kuku walikuwa wakiishi humo. Mahali panapoishi kuku si nyumba?"

Baba mkwe akatoka chini, oili usoni, na wazee wakaanza shauri lililochukua asubuhi nzima. Mimi nilibaki pale juu, mguu kwenye pedali, kwa sababu nati ilikuwa wazi na ningeachia hewa ingerudi. Jirani alishikilia kwamba penye kivuli kinachowafunika wote wawili ni nyumba. Baba mkwe alishikilia kwamba kitu kinachotembea ni njia, na njiani watu hukutana, hakuna aibu. Ilizungumzwa habari ya mtumbwi. Ilizungumzwa habari ya basi: mkwe na mkamwana wakipanda basi moja inakuwaje? Mguu wangu wa kulia ukaanza kutetemeka.

"Wazee wangu," nikasema kwa sauti ndogo, "nisamehewe. Turubai likitolewa?"

Wote wawili wakatazama juu, lilipo turubai.

"Bila paa," jirani akasema taratibu, "ni uwanja wenye magurudumu."

"Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo," akasema baba mkwe, ambaye hakuwa amesema hivyo hata kidogo. Wakalifungua turubai kwa pamoja, na jirani akabaki kutusaidia kumwaga mafuta ya breki, akisema kwa kuwa sasa ni uwanja, hata yeye anaweza kukaa.

Siku ya kutolewa hogo ilifika, na mama mkwe alikuwa amerudi na nyimbo tatu mpya. Hakukuwa na mjadala kuhusu usafiri. Baba mkwe akakaa kwenye usukani, maana mbali anaona na barabara iko mbali. Mama mkwe katikati, mapaja yake yakiwa mpaka wa nchi mbili. Mimi pembeni, magongo nyuma. Jirani alitufungulia lango akavua kofia. Tulipotoka, watoto wa kijiji walikimbia nyuma yetu, na baba mkwe aliendesha kwa kidevu kilichoinuka, akinyoosha mkono dirishani kwa kila kona, hata zile ambazo hazikuwa na mtu wa kumwona.

Mvua ilitukuta nusu ya safari. Landrova haina paa, na sababu ya kukosa paa tulikuwa tunaijua wote watatu, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Mama mkwe akafungua mwavuli, akajifunika yeye. Mbele kidogo kulikuwa na kijito kimevuka barabara. Baba mkwe alikiona vizuri sana kutoka mbali. Kilipokuwa karibu hakukiona. Maji yaliruka juu ya boneti, injini ikazima katikati ya matope.

"Distributa imelowa," nikasema.

"Anasema dist..." mama mkwe akaanza, kisha akachoka. "Bwana, mimi nimelowa pia. Ongeeni."

Baba mkwe akashuka, akafungua boneti, akapapasa. Alipapasa muda mrefu. Kisha nikamwona amesimama tu, maji yakimtiririka puani, mikono miwili imeshika nyaya ambazo hakuziona. Nikachukua magongo, nikashuka kwenye matope, hogo na yote, nikaenda kusimama upande wa pili wa boneti. Vichwa vyetu vilikuwa karibu kuliko miaka tisa yote. Nikafungua kofia ya distributa, nikaikausha kwa ncha ya kitenge cha mama mkwe ambacho kilikuwa kimebaki kikavu chini ya mwavuli. Mwavuli wenyewe akaushika baba mkwe, akaifunika injini kwa uangalifu mkubwa, mimi nikanyeshewa.

Niliponyoosha mkono kupokea nyaya, alinipa ya kwanza.

"Moja," akasema. Akanipa nyingine. "Tatu. Nne. Mbili." Hakumwambia mkewe aniambie. Aliniambia mimi. Nikatazama juu kwa bahati mbaya, nikaona sura yake. Ana kovu dogo kwenye nyusi, kama la mume wangu, na meno mazuri.

Iliwaka mara ya kwanza.

Hospitalini Mugumu tulifika tukiwa na rangi ya barabara. Hogo langu lilikuwa limelainika kama uji wa mtoto. Kijana wa chumba cha plasta alilitazama, lilivyojaa oili, matope na unyoya mmoja, akaniuliza kama nilikuwa nimepumzika kama nilivyoagizwa. Nikasema nilipumzika. Akalikata. Ndani mlikuwa na punje nne za mtama, vipande vya ufito wa ufagio, na kitu kidogo cha shaba kilichodondoka sakafuni kikalia: ting.

"Dada," akasema akikiokota, "mguu wako una vipuri?"

Mama mkwe akakichukua, akakibeba kwenye kiganja hadi nje alikokuwa baba mkwe anailinda landrova. Nilimwona kupitia dirisha akikipokea, akikisogeza mbali na macho, mbali zaidi, mkono wote umenyooka, mpaka akakitambua.

"Yule kuku," akasema mwishowe, "tulimwonea."

Mguu uliotoka kwenye hogo ulikuwa mwembamba, wenye manyoya, na haukutaka kunifahamu. Nilikaa wiki mbili zaidi nikijifunza kutembea kuzunguka landrova, nikiishika boneti, kisha taa, kisha chochote. Mume wangu aliporudi kutoka Zambia alitukuta tukiipaka rangi, baba yake nyuma, mimi mbele, mama amekaa katikati akituonyesha tulikoruka. Aliweka mzigo wake langoni. Akaomba aiendeshe kidogo. Baba yake alimwambia mikono yake imezoea malori, itaiumiza.

Nilirudi Sirari na makaratasi yangu. Mwezi uliofuata, nikiwa dirishani na foleni ya madereva mbele yangu, simu ikalia, na namba ilikuwa ya baba mkwe. Alikuwa hajawahi kunipigia. Nilipokea nikiwa nimesimama wima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sikiliza."

Akaiweka simu kwenye injini. Nikaweka sauti kubwa nisikie vizuri, na ofisi nzima ikajaa landrova. Kulikuwa na mlio mwembamba ndani yake, kama paka aliyekanyagwa.

"Mkanda wa feni umelegea," nikasema.

"Madam, hiyo ni bearing," akasema dereva wa kwanza kwenye foleni, Mkenya, akiingiza kichwa dirishani.

"Bearing gani? Hiyo ni dainamo," akasema wa pili.

"Mwambieni azime kwanza, ataua injini," akapiga kelele mwingine kutoka nyuma, na foleni ikavunjika, wakajazana dirishani kwangu, watu saba, kila mmoja akitaka kuisikia kwa sikio lake. Walibishana kwa Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka. Mmoja alidai nimwombe mzee akanyage mafuta, mwingine akanikataza. Ilichukua kama robo saa kabla mtu hajagundua kwamba ule mlio haupo tena. Baba mkwe alikuwa amekwisha kuzima gari, akakaza mkanda, akakata simu, akaenda kwenye shughuli zake.